Barua ya wazi kwa viongozi wa shirika letu: walezi wanaondoka, watoto wanarudi sokoni

Lubumbashi, Agosti 2025

Kwa Bwana Prezidenti na wajumbe wa Baraza la Uongozi,
Kwa Mama Mkurugenzi,

Yahusu: mishahara tusiyolipwa, mikataba ya walezi, na watoto tuliokabidhiwa

Bwana Prezidenti, Mama Mkurugenzi, waheshimiwa wajumbe,

Tunawasalimu kwa heshima. Mimi ni mmoja wa walezi wa shirika hili, wale ambao kwenye ripoti mnawaita enkadrere na ambao watoto wanawaita Yaya. Naandika kwa niaba ya wenzangu wa timu ya soko, wa kituo cha usiku na wa ufuatiliaji majumbani. Jina la shirika sikulitia, wala majina yetu, kwa kuwa hatutaki kuliangusha. Ninyi mnajijua, na sisi mnatujua.

Haya yote tuliyasema kwanza ndani ya nyumba. Tulipeleka barua ofisini, ikapigwa muhuri wa kupokelewa, ikalala. Tuliomba kikao, tukaambiwa Mama Mkurugenzi yuko Kinshasa kwa wafadhili. Aliporudi tukaambiwa tungoje mwaka wa fedha ufungwe. Mwenzetu aliyesimama kwenye mkutano wa asubuhi na kuuliza habari ya mishahara hakuongezewa mkataba wake ulipoisha, na tangu siku ile watu wanazungumza kwa kunong'ona tu, nyuma ya jiko. Mlango wa ndani ulipofungwa ndipo tukaamua kusema hadharani.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Shirika hili limefanya kazi ambayo mji huu unaijua. Kuna mafundi wa kuchomelea vyuma komini ya Kenya, hapa hapa mjini, ambao zamani walilala juu ya makatoni nyuma ya soko Mzee Kabila. Kuna mshonaji wa Kamalondo ambaye alifika kwetu hajui kushika kalamu. Mlianza kazi hii wakati watu wengi waliwaona watoto hawa kama takataka za kufagiliwa. Tumebaki hapa kwa sababu tuliyaona hayo kwa macho yetu, na tunataka yaendelee.

Basi, malalamiko yetu ni haya.

1. Mshahara

Tangu Februari hatujapata mshahara kamili. Machi mlitoa nusu. Mei mkatoa kidogo, mkasema ni cha kununulia unga. Baada ya hapo kimya. Na mishahara ya Novemba na Desemba 2023 haijalipwa hadi leo.

Kwenye karatasi mnaiita pesa hiyo motisha, kana kwamba sisi ni wapita njia mliowaonea huruma. Mtu anayesaini daftari la kuingia na kutoka, anayepangiwa zamu, anayepewa amri na anayeandikiwa barua ya onyo akichelewa, huyo ni mfanyakazi. Kifungu cha 36 cha Katiba yetu kinasema kazi ni haki na wajibu mtakatifu kwa kila Mkongomani, na kinataja malipo ya haki yanayotosheleza.

Juni na Julai mnazijua, baridi ya Lubumbashi inapoingia mpaka kwenye mifupa. Mama mmoja wa zamu ya usiku alikuwa anakuja mjini kwa miguu kutoka Katuba kwa kukosa nauli. Anafika, anavua koti lake, anamfunika mtoto aliyeletwa usiku huo na kaptula tu mwilini. Asubuhi anarudi nyumbani kwa mwenye nyumba anayemdai. Mwenzetu mwingine amewatoa wanawe sekondari kwa kukosa pesa ya shule. Elimu ya bure iliyoanza kutekelezwa Septemba 2019 ni ya shule ya msingi, kwa hiyo sekondari analipa mzazi. Yeye kutwa anawasihi wazazi wa watu wengine wawapeleke watoto wao shuleni.

Kuna deni lingine ambalo halionekani kwenye hesabu zenu. Mtoto akishikwa na homa saa nane usiku, mlezi ndiye anayelipa kipimo cha malaria na dawa, kisha anajaza fomu ya kurudishiwa pesa. Fomu hizo zimejaa kwenye droo ya mhasibu. Walezi wa shirika hili wamewatibu watoto wa shirika kwa pesa ya kukopa dukani.

2. Mikataba ya miezi mitatu

Kama mngekuwa na nafasi ya kusoma jambo moja tu katika barua hii, tungewaomba msome hili.

Mtoto anayelala sokoni hakupi jina lake siku ya kwanza. Anakupa jina la mchezaji wa Mazembe, au la rafiki aliyekufa, au lolote lililomjia mdomoni. Ukijaza fomu siku hiyo umeandika uongo. Mlezi mzoefu anajua, kwa hiyo jina la kwanza analiandika kwa kalamu ya risasi. Kesho yake anarudi saa ile ile, anakaa pale pale, kwenye ngazi ya saruji upande wa wauza unga. Anafunga kidonda cha mguu. Anacheza dama kwa vifuniko vya chupa, anashindwa, anacheza tena. Haulizi habari za mama wala za baba. Siku nyingine mtoto hatokei, naye mlezi anamngoja mpaka jioni, kwa sababu mtoto anaweza kuwa amejificha nyuma ya mifuko ya makaa anatazama kama Yaya ataondoka.

Halafu jioni moja, bila kuulizwa, mtoto anasema, "Yaya, mi siitwe vile." Anataja jina alilopewa na mama yake. Mlezi anafuta ya risasi, anaandika kwa wino.

Kazi inaanza hapo. Baada ya jina linakuja jina la avenyu. Baada ya avenyu, baba aliyekwenda kwenye machimbo na hakurudi, au mama wa kambo, au mchungaji aliyesema mtoto huyu ndiye anayekula bahati ya nyumba. Mlezi anakwenda kuiona familia bila mtoto. Anafukuzwa, anarudi. Anakaa na shangazi, na bibi, na jirani mwenye sauti kwenye kartie, yaani mtaa wao. Baadaye mtoto anapelekwa Jumapili moja, anakula bukari (ugali) na sombe (kisamvu) kwa mama yake, jioni anarudishwa kituoni. Baadaye analala huko usiku mmoja. Baadaye anabaki. Kisha mlezi anakwenda kwa mkuu wa shule kumwombea nafasi, na anaendelea kupita nyumbani, hata kwa mwaka mzima, kwa sababu ugomvi wa kwanza ukitokea mtoto anaijua njia ya kurudi sokoni.

Sasa hesabuni wenyewe. Katika miezi mitatu mtoto ametoa jina la kweli, labda na avenyu. Hapo ndipo mkataba wa mlezi unakwisha, mnampumzisha mpaka mradi mwingine upatikane, na mnamleta mtu mpya mwenye fulana mpya. Mtoto anamtazama huyo mgeni, na anampa jina la mchezaji wa Mazembe.

Hatubuni haya. Kwenye kabati la kituo kuna faili la mvulana mmoja lenye majina matatu, kwa mwandiko wa walezi watatu. Wawili kati yao walifika kwenye jina la wino. Wote wawili hawako tena nasi. Mvulana huyo leo ana ndevu zinazoanza kuota na bado yuko pale kwenye kituo cha mabasi, anabeba mizigo ya watu na kunusa gundi. Akituona anatugeuzia mgongo, na hatuwezi kumlaumu. Amekwisha kuachwa na wazazi, kisha ameachwa na Yaya mmoja baada ya mwingine, bila kuambiwa hata kwaheri, kwa maana mlezi mwenyewe alijulishwa Ijumaa jioni.

Kuna msichana pia aliyeshuka kwenye treni kutoka upande wa Mwene-Ditu, hajui Kiswahili, anasema Kiluba cha Kasai, yaani Tshiluba, tu. Tulikuwa na mlezi mmoja mwenye lugha hiyo. Mtoto alimng'ang'ania sketi kutwa kucha. Mkataba wa mama yule ulipoisha tuliwaandikia kwamba tukimkosa yeye hatuna wa kuongea na mtoto. Hamkujibu. Msichana alikaa kituoni akila na kulala bila kusema neno, na usiku mmoja akaondoka. Tulimtafuta kwenye gare ya treni, tulimtafuta Njanja. Hatujampata.

Kanuni ya Kazi, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema mkataba wa muda maalumu hauwezi kupita miaka miwili, wala hauwezi kurudiwa zaidi ya mara moja kwa mwajiri yule yule. Ukivuka hapo, kisheria mfanyakazi anahesabiwa kuwa na mkataba usio na mwisho. Kati yetu wako mliowarudishia karatasi ya miezi mitatu tangu kabla ya korona. Mwanasheria wenu atasema sheria inaacha nafasi kwa kazi za msimu na kazi zilizofafanuliwa. Tunamuuliza: watoto kulala nje Lubumbashi ni msimu gani? Mradi una mwisho, sawa, lakini kazi yenyewe imekuwepo tangu shirika lianzishwe na itakuwepo mwakani. Katiba yenu ya shirika, mliyoisajili chini ya sheria ya 2001 ya mashirika yasiyotafuta faida, inasema lengo lenu ni kuwalea watoto hawa. Ikiwa kulea ndilo lengo, mlezi anawezaje kuwa kibarua?

3. Namba za ripoti

Mfadhili anataka kujua ni watoto wangapi wamerudishwa nyumbani. Ni haki yake kuuliza. Lakini ninyi mnahesabu siku ya kumfikisha mtoto mlangoni, picha inapigwa, mzazi anatia kidole kwenye karatasi, na hesabu imefungwa. Hakuna safu kwenye jedwali lenu ya kuandika mtoto aliyetoroka tena baada ya wiki mbili. Akirudi sokoni na kuandikishwa upya, anahesabiwa kama mtoto mpya. Mtoto mmoja amekuwa ushindi wenu zaidi ya mara moja.

Mwezi wa mwisho wa mradi ndio unaotutisha zaidi. Tunaamriwa kurudisha watoto haraka ili namba itimie, hata ambao familia yao haijawahi kukubali kuketi nasi. Tulikataa kumpeleka mtoto mmoja Ruashi kwa sababu mjomba wake alikuwa amemchoma mikono. Mlimpa dereva kazi hiyo. Mtoto alirudi kituoni peke yake, kwa miguu, na alipoingia alipita mbele yetu bila kutusalimu.

Na tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, mnawavalisha fulana zenye nembo, mnawapanga mbele ya kamera. Siku hiyo inawakumbuka wanafunzi waliouawa Soweto mwaka 1976 kwa kudai elimu yao. Wazazi wetu wa shirika, watoto hawa wana aibu. Wengine wanatafutwa na watu waliowatesa. Msiweke nyuso zao kwenye mabango.

4. Watoto wanaoitwa wachawi

Sehemu kubwa ya watoto tunaowakuta usiku hawakutoroka. Walifukuzwa. Baba alipoteza kazi, mtoto mchanga alikufa, na mtu fulani kanisani akasema mchawi ni huyu mwenye macho makubwa, huyu anayekojoa kitandani. Wananyimwa chakula siku nyingi, wanatiwa pilipili machoni, wanaunguzwa. Sisi ndio tunaoosha vidonda hivyo.

Sheria iko wazi. Kifungu cha 41 cha Katiba kinakataza kumshitaki mtoto uchawi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto, kifungu cha 160, inatoa adhabu ya mwaka mmoja hadi mitatu gerezani pamoja na faini ya faranga 200,000 hadi 1,000,000 kwa anayefanya hivyo. Tumeleta majina ya wanaoendesha vyumba hivyo vya maombi, tumeleta vyeti vya daktari, na kila mara jibu lenu ni kwamba shirika halitaki ugomvi na makanisa. Mlezi mmoja alitishwa hadharani na mchungaji, akaambiwa naye ni mchawi anayelinda wachawi wadogo. Majirani walianza kumkwepa kisimani. Aliomba shirika limwandikie tu barua ya kumtambulisha kwa mkuu wa kartie. Hamkuiandika.

Kumpeleka mtu mahakamani si kazi ya mlezi mmoja asiye na kadi mfukoni. Ni kazi ya shirika lenye muhuri na wakili. Hata familia zinazotaka kumpokea mtoto zinaogopa, zinatuuliza: mchungaji akija, nani atasimama nasi? Hatuna cha kuwajibu.

5. Usalama na afya yetu

Hapa tutasema kwa kifupi. Hatuna kadi za kazi. Msako wa polisi unapopita usiku, mlezi anakamatwa pamoja na watoto, analala rumande, na mtu wa ofisi anakuja kesho saa nne. Watoto wakisikia tu jina la Kaniama-Kasese, kambi ya Huduma ya Taifa ambako vijana wa mitaani hupelekwa, wanatawanyika, na aliyekuwa kati yao akiwatuliza ndiye anayebaki mikononi mwa askari. Kanuni ya Kazi inamtwika mwajiri matibabu ya mfanyakazi, lakini tukipata upele au kikohozi cha muda mrefu kutoka kituoni tunajitibu wenyewe. Kwa CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, hatujaandikishwa. Wale tuliowauliza kama makato yao yanafika huko wameambiwa wasiulize.

Na jambo moja linalowahusu watoto moja kwa moja: watu mnaowaleta haraka haraka kujaza nafasi za walioondoka, nani anawachunguza? Tumeona kijana akipewa zamu ya usiku, peke yake na watoto wadogo, siku ile ile aliyoleta barua ya maombi. Hatumshitaki kijana huyo kwa lolote. Tunasema mlango uliachwa wazi, na kwenye nyumba ya watoto waliokwisha kuumizwa na watu wazima, mlango huo hauwezi kuachwa wazi hata usiku mmoja.

Tunajua mtakavyojibu, kwa kuwa majibu hayo tumeyasikia.

Mtasema wafadhili wamepunguza pesa. Ni kweli. Mwaka huu serikali ya Marekani imeifunga USAID, shirika lake la misaada, na mashirika mengi nchini yametikisika. Hatufungi macho. Lakini deni la Novemba na Desemba 2023 lilitangulia misukosuko hiyo, na mwaka huo gari jipya lilinunuliwa. Kama pesa ni kidogo, tuonyesheni hesabu, tukae pamoja tuone kipi kipunguzwe. Tunaweza kukubali mengi tukiyaona kwa macho. Tusichoweza ni kuambiwa hakuna, huku tunaona semina za hoteli zinaendelea.

Mtasema bajeti ya mradi hairuhusu mishahara ya walezi. Bajeti hiyo inaandikwa na nani? Ni ninyi mnaoandika kwamba kazi ya mtaani itafanywa na "wahamasishaji wa jamii", ili gharama ya watu ionekane ndogo na shirika lipendeze. Mwandikieni mfadhili ukweli, kwamba kwenye kazi hii mtu anayebaki ndiyo kazi yenyewe. Wengine watakataa. Wako watakaoelewa, kwa kuwa nao wana watoto.

Mtasema ni kazi ya moyo, kazi ya Mungu, asiye na wito aondoke. Moyo tunao, na mmeuona kwenye makoti yaliyovuliwa usiku. Lakini wito haujawahi kulipa nyumba ya mtu Lubumbashi, wala ninyi hamjautumia kujaza mafuta ya gari la ofisi.

Mtasema nje kuna vijana wengi wenye diploma za UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wanaotaka nafasi zetu. Wapo, ni ndugu zetu, na wengine ni hodari kuliko sisi. Wachukueni, waongezeni. Lakini msiwachukue kwa kuwatoa waliokwisha kujulikana na watoto, kisha baada ya miezi mitatu mkawatoa nao pia.

Mwisho mtasema tunalichafua jina la shirika. Jina la shirika mjini ni lile linalosemwa na watoto kwenye kituo cha mabasi. Nendeni mkawaulize, bila kamera.

Kwa hiyo tunaomba, na tunaomba tukiwa tumesimama wima:

Mishahara yote tunayodai, ikiwa pamoja na ya 2023, iwekewe ratiba ya malipo yenye tarehe na sahihi ya Prezidenti wa Baraza, itakayobandikwa kituoni kabla ya tarehe 15 Septemba. Pesa za matibabu ya watoto tulizotoa mifukoni zirudishwe kwanza, kabla hata ya mishahara.

Walezi waliopita muda wa sheria wapewe mikataba isiyo na mwisho. Wapya wapewe walau mwaka mmoja, na mlezi yeyote akiondoka, kwa hiari yake au la, apewe mwezi wa kumkabidhi kila mtoto kwa mlezi mwingine, uso kwa uso, mtoto akiwepo.

Shule zinafunguliwa mwanzoni mwa Septemba. Mama wa Tshiluba na wenzake walioachishwa mwaka huu warudishwe sasa, kwa sababu wao ndio waliozungumza na wakuu wa shule na ndio wanaojua ni mtoto gani aliahidiwa nafasi wapi. Hili haliwezi kungoja kikao cha Baraza. Kila wiki inayopita ni mtoto aliyekubali kuvaa sare akaona hakuna wa kumpeleka.

Jedwali la ripoti liongezwe safu ya watoto waliorudi mtaani, na hakuna mtoto atakayepelekwa nyumbani bila sahihi ya mlezi aliyeiona familia hiyo. Anayetaka kufanya kazi na watoto achunguzwe kabla ya kuachwa nao, na asilale zamu peke yake.

Kadi za kazi, uandikishaji CNSS, na wakili wa kusimamia kesi za watoto walioshitakiwa uchawi. Mkianza na kesi moja tu, ile yenye cheti cha daktari kilichomo kwenye faili zenu tangu Machi, tutaamini.

Na mwenzetu aliyeondolewa kwa kuuliza swali arudishwe kazini.

Hatutafunga kituo. Tunasema hivi ili pasiwe na wa kusambaza maneno: zamu za usiku zitaendelea, timu ya soko itatoka kila siku kama kawaida, hakuna mtoto atakayekuta lango limefungwa kwa sababu ya mgogoro huu. Lakini ikifika tarehe 15 Septemba bila jibu la maandishi, tutapeleka faili letu kwa Inspekta wa Kazi, na habari za watoto tutazipeleka kwa Divisheni ya Mambo ya Kijamii, ambayo ndiyo iliyowapa kibali cha kuwapokea.

Tuko tayari kuonana nanyi siku yoyote, hata Jumapili baada ya ibada. Tungependa kikao kifanyike kituoni, jioni, watoto wanapoingia kula, na Mama Mkurugenzi awepo mwenyewe, si kwa mjumbe.

Pokeeni, Bwana Prezidenti, Mama Mkurugenzi, waheshimiwa wajumbe, heshima zetu.

Walezi wa timu ya soko, wa kituo cha usiku na wa ufuatiliaji

Nakala kwa:
– Divisheni ya Mambo ya Kijamii, Haut-Katanga
– Inspekta wa Kazi, Lubumbashi
– Wafadhili wa shirika
– Wazazi na walinzi wa watoto, kupitia wakuu wa kartie